Usiyadharau matope ya Jego

Kama bado uko mezani, tafadhali maliza kwanza chai yako, kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja penye chakula: maji taka yetu huishia wapi, na ni nani anayeyasafisha?

Jibu la haraka ni kwamba huishia baharini. Shimo la choo huvuja taratibu ardhini, mtaro hupokea maji ya kufulia, mto huzoa mbolea ya mashambani, na vyote hivyo mwishowe hukutana na chumvi. Utasema bahari ni kubwa, itayameza. Ni kweli ni kubwa. Lakini uchafu huo haufiki bahari kuu kwa siku moja. Hupita kwanza mlangoni, pale mto unapokutana na bahari, na mlangoni hapo iko kazi inayofanyika usiku na mchana bila ya mshahara. Ili tuione vizuri, nakuomba tufuatane mpaka Jego.

Wengi wa watu wa mjini wanaijua pwani ya kusini mpaka Diani, basi. Leo usiteremke hapo. Endelea na barabara, pita Msambweni, pita Ramisi, mpaka Lunga Lunga. Hapo uiache barabara kuu iendayo Tanga, ushike ile ya Vanga. Jego iko upande huo, kijiji cha minazi na mpunga, si mbali na mpaka wa Tanzania. Baada ya nyumba na mashamba utakuta mikoko, na baada ya mikoko ni maji. Karibu na hapo ndipo mto Umba unapomalizia safari yake.

Umba si mto mkubwa ukiulinganisha na Tana, lakini umetoka mbali. Huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania, wilaya ya Lushoto, ukateremka nyikani, ukavuka mpaka bila ya kugonga muhuri pale Horohoro, ndipo ukamwaga maji yake upande wa Kenya. Masika yakikolea huko juu, watu wa Vanga na Jego hawangoji kuambiwa na redio. Mto wenyewe huja kupiga hodi mashambani, na mwaka mwingine hata majumbani. Maji yake siku hizo huwa mekundu kwa udongo. Na ndani ya udongo huo mna majani yaliyooza, samadi ya mifugo, mabaki ya mbolea ya mashamba ya mahindi na mboga, na yale ya vyooni. Vyote hivyo vina kitu kimoja cha pamoja, nacho ni nitrojeni.

Wanafunzi watanisaidia hapa. Katika hewa unayoivuta sasa hivi, karibu sehemu 78 kwa kila mia ni nitrojeni. Unaivuta, unaitoa, wala haikufanyi kitu. Chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi hata mmea hauwezi kuzitenganisha. Hata hivyo hakuna nyama, samaki, yai wala jani la mchicha lisilokuwa na nitrojeni, kwa kuwa protini haijengeki bila yake. Mmea basi ni kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa dukani, na chakula chote kilichomo dukani kiko ndani ya makopo, naye hana cha kuyafungulia.

Tangu zamani za zamani waliokuwa wakiyafungua makopo hayo ni radi pamoja na bakteria wa aina chache, wengine wao wakikaa katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharagwe. Bibi zetu walipochanganya kunde na mahindi katika shamba moja walikuwa wakijua wanalolifanya, ingawa hakuna aliyewatajia nitrojeni. Kisha mwaka 1909 mkemia wa Kijerumani, Fritz Haber, akaonyesha jinsi ya kuifungua kwa joto na shinikizo kubwa. Mwenzake Carl Bosch akaikuza njia hiyo mpaka ikatosha kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Hapo ndipo ilipotoka mbolea ya dukani tunayoijua. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu waliopo duniani leo wanakula chakula kilichopatikana kwa mbolea ya namna hiyo.

Kwa hivyo mimi simlaumu mkulima wa Lushoto wala wa Lunga Lunga anayejikamua akanunua gunia la urea. Tena wakulima wetu wa Afrika Mashariki hutia kidogo sana wakilinganishwa na wenzao wa Uchina au Ulaya. Taabu iko katika ile inayokosa kuliwa na mmea ikaenda na maji ya mvua.

Wala shamba haliko peke yake. Mtu mmoja hutoa kwa mwaka, zaidi kwa njia ya mkojo, kiasi cha kilo mbili na nusu hadi nne na nusu za nitrojeni, kutegemea anavyokula nyama, samaki na maharagwe. Gunia la urea la kilo 50 lina nitrojeni kilo 23. Hebu piga hesabu. Nyumba ya watu saba hutia chooni, kila mwaka, nitrojeni inayokaribia gunia zima la mbolea. Ukihesabu nyumba za mtaa wako mmoja tu utapata lori.

PUMZI YA SAMAKI

Sasa tuingie majini. Lita moja ya hewa ina oksijeni ya takriban miligramu 270. Lita moja ya maji ya bahari yetu, yakiwa na joto la sentigredi 28, haibebi zaidi ya miligramu sita na kitu. Samaki basi anaishi kwa pumzi ambayo wewe nami tungezimia papo hapo. Na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo zaidi, kama vile soda iliyoachwa juani inavyokimbiwa na gesi yake mara unapoifungua. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu mbili kwa lita, samaki wenye mbio hukimbia. Wasio na mbio, kama chaza na minyoo ya mchangani, hufa pale pale walipo.

Nitrojeni ya mto haimnyongi samaki kwa mkono wake. Humlisha anayemnyonga. Katika maziwa ya maji baridi kinachokosekana mara nyingi ni fosforasi, lakini baharini, kwa kawaida, ni uhaba wa nitrojeni ndio unaoizuia mimea isijae kila mahali. Ukiimwaga kwa wingi, ile mimea midogo isiyoonekana kwa macho, pamoja na mwani, huzaana mpaka maji yakawa kijani kama mchuzi wa kisamvu. Mchana utadhani ni neema, maana mimea hutoa oksijeni penye jua. Usiku huivuta. Tena haina maisha marefu. Hufa, ikazama, ikaanza kuoza, na bakteria wanaoiozesha wanapumua oksijeni kama sisi.

Kwa hesabu ya kitabuni, gramu moja tu ya nitrojeni ikigeuka yote kuwa mimea hiyo, na mimea hiyo yote ikaoza mahali pamoja, itakula oksijeni ya karibu gramu 20. Hiyo ni oksijeni yote iliyomo katika lita zaidi ya elfu tatu za maji ya bahari. Yafikirie yale matangi meusi ya lita elfu moja moja tunayoyaweka juu ya nyumba zetu, matatu kwa pamoja, yamemalizwa pumzi na urea isiyojaa kijiko cha chai.

Watu wa pwani ya kusini wanaofuga mwatiko mabwawani wanalijua jambo hili bila ya kalamu wala karatasi. Bwawa likitiwa samadi kupita kiasi, maji huwa kijani mno, na alfajiri kabla ya jua samaki huja juu, midomo wazi, wakitweta. Saa hiyo ndiyo oksijeni iko chini kabisa, kwa kuwa imevutwa usiku kucha na hakuna mwanga wa kuitengeneza nyingine. Mwenye bwawa aliyechelewa kufungulia maji mapya hana la kufanya ila kuokota mizoga.

BAKTERIA WA ZAMU MBILI

Haya, maji yamekupwa, tuingie mikokoni. Vua viatu. Mbele yako ni tope jeusi, ukilikanyaga unazama mpaka kifundo cha mguu, pengine goti. Linanuka. Mgeni wa mjini hukunja uso akasema hapa pachafu. Kumbe hapo ndipo pa kusafishia.

Ukilikata tope hilo kama unavyokata keki, utaona safu ya juu ni ya rangi ya kahawia, nyembamba, milimita chache tu. Hapo hewa inafika. Chini yake yote ni nyeusi, hakuna oksijeni hata chembe. Katika safu ya juu wanakaa bakteria wa zamu ya kwanza. Hao huchukua amonia, ambayo ndiyo sura inayovaliwa na nitrojeni itokayo katika mkojo na katika vitu vilivyooza, wakaiunganisha na oksijeni ikawa nitriti, kisha ikawa nitrati. Huko chini gizani wako wa zamu ya pili. Hawa hawana oksijeni ya kupumua, basi hupumua ile nitrati badala yake, na wakiipumua huivunja hatua kwa hatua mpaka ikarudi kuwa gesi ya nitrojeni ile ile tuliyoanza nayo, isiyomdhuru mtu wala samaki. Gesi hupanda, ikarejea hewani. Kopo limefungwa tena.

Angalia ajabu iliyopo hapo, msomaji. Zamu ya kwanza haifanyi kazi bila ya oksijeni. Zamu ya pili haifanyi kazi penye oksijeni. Na hiyo ya pili inakula kinachopikwa na ya kwanza. Kwa hivyo ni lazima jiko lenye hewa na jiko lisilo na hewa yakae ubavu kwa ubavu, yakitenganishwa na ukuta wa unene wa ukucha. Ukiwa na hewa tupu hufanikiwi, na ukikosa hewa kabisa vile vile hufanikiwi. Usafi wote wa mlango wa mto unapatikana pale mpakani baina ya kahawia na nyeusi.

Basi hapo ndipo anapoingia kaa, ambaye wengi wetu tunamjua kwa mchuzi wa nazi tu. Kila kaa anapochimba shimo lake hupeleka maji na hewa chini katikati ya weusi. Kuta za shimo hugeuka kahawia. Ule mpaka mwembamba uliokuwa juu peke yake sasa umeshuka chini, umezunguka, umeingia vichochoroni, na nafasi ya kazi imeongezeka mara nyingi. Wale wadogo wenye gando moja kubwa wanaokupungia kama askari wa barabarani, nao wamo katika kazi hiyo. Mchu hutoa mizizi yake juu ya tope kama penseli zilizochomekwa ardhini ili upumue, na hewa nyingine huvujia kwenye tope la pembeni. Mkoko nao husimama juu ya miguu yake mirefu, ukaipunguza mbio ya maji, udongo ukatua badala ya kwenda kuzifunika nyasi za bahari wanazolishia tafi.

Elimu yenyewe bado inakua. Raia wa Urusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewapata bakteria wa zamu ya kwanza, karibu mwaka 1890. Karne nzima ikapita watu wakidhani habari imekwisha. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mji wa Delft, Uholanzi, walipokuwa wakichunguza mtambo wa kusafisha maji taka, wakakutana na kundi jingine kabisa, ambalo huunganisha amonia na nitriti moja kwa moja na kutoa gesi ya nitrojeni pasipo oksijeni. Baadaye kundi hilo likaonekana pia katika bahari na matope ya sehemu nyingi za dunia. Mwanafunzi, kama kitabu chako hakiwataji, una swali zuri la kumuuliza mwalimu kesho.

TOPE LINAPOGEUKA

Mchapakazi naye hushindwa akitwishwa kupita kiasi. Mto ukileta uchafu mwingi kuliko unavyoweza kusafishwa, oksijeni ya ile safu ya juu huisha. Zamu ya kwanza husimama. Nitrati ikawa haitengenezwi, na zamu ya pili nayo ikakosa chakula. Amonia hutoka kwenye tope ikarudi majini vile vile ilivyokuja, ikalisha mwani, mwani ukafa, ukaoza, ukala oksijeni iliyobaki. Kisha hushika zamu bakteria wengine, wanaopumua salfeti iliyomo katika chumvi ya bahari. Hawa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki, na pia huwazuia wale wa zamu ya kwanza wasirudi kazini.

Jambo hilo lanitisha kuliko yote katika habari hii. Tope lililokuwa likisafisha sasa ndilo linalotia uchafu, na litaendelea hivyo kwa muda hata kama bomba lile la maji taka limezibwa leo asubuhi. Tena kazi ikifanyika nusu nusu hutoka nitrasi oksaidi, gesi ile ya kuchekesha waliyoitumia madaktari wa meno. Hiyo, uzito kwa uzito, hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dayoksaidi.

Usije ukashtuka kwa kila harufu ya yai viza mikokoni. Kidogo ni kawaida, hasa ukilitibua tope kwa miguu. Cha kutisha ni siku kaa wanapotoka mashimoni wote kwa pamoja na samaki kuja juu.

Jego ina bahari inayoisaidia. Maji ya kwetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Maji mapya yenye hewa huingia hadi mashinani mwa mikoko, yale mazee hutoka. Wakati wa maji mafu mambo hupungua, na katika maleleji upepo ukitulia maji hulala. Hizo ndizo siku za hatari kwa mlango wowote wa mto uliokwisha kuelemewa.

Huku kwetu tumekwisha kuona mikoko ikifa kwa kukosa pumzi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kwa mto Mwache, karibu na Mombasa. Udongo ukaifunika mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya mikoko ikakauka imesimama. Hakuna aliyeitia shoka. Mombasa yenyewe, sehemu ndogo tu ya wakazi ndiyo iliyounganishwa na mabomba ya maji taka. Mengine hupitia mashimoni na mitaroni, na hori la Tudor hupokea hisa yake kila siku huku mikoko yake imekatwa sana. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wana mkasa mkubwa zaidi, ingawa maji yao ni baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 oksijeni ilifika karibu na sakafu ya ziwa hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Miaka ya 1990 watafiti walikuta eneo kubwa la chini halina oksijeni kwa miezi mingi, kwa sababu ya rutuba iliyozidi kutoka nchi kavu. Maji hayo ya chini yakivurugwa yakaja juu, samaki wa juu hukosa pa kukimbilia. Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu walipata hasara kubwa mno, na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni.

Na ninyi wenye jamaa Maskati, waulizeni habari za mwaka 2008 na 2009, bahari ya Oman ilipogeuka nyekundu kwa mwani hata mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya kunywa ikafungwa katika baadhi ya miji ya Oman na Imarati. Bahari ya Arabuni tangu zama ina tabaka la chini lenye oksijeni kidogo kwa maumbile yake. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzao wa chuo kikuu cha East Anglia, Uingereza, walitoa matokeo ya vyombo vidogo visivyo na nahodha walivyovizamisha katika ghuba ya Oman hadi mita elfu moja. Walikuta eneo lisilo na oksijeni, au lenye oksijeni ya kuhesabu kwa vidole, kubwa kuliko nchi ya Scotland, tena baya kuliko ilivyotarajiwa. Bahari za dunia kwa jumla zimepoteza karibu asilimia mbili ya oksijeni yake tangu mwaka 1960, na sehemu za pwani zilizoripotiwa kukosa pumzi zimepita 500.

NANI ANALIPA?

Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiana na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walianzisha Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na ile kaboni inayofyonzwa na miti na tope huuzwa kwa wateja wa nje. Fedha zikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2019 wakafuatia watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu kwa mradi wao wa Vanga Blue Forest, wenye hekta zaidi ya 400. Nawapongeza kwa dhati. Ni miradi michache sana inayomfikia mwananchi moja kwa moja kama hiyo.

Lakini nina dukuduku langu, na safu hii ndiyo mahali pa kulitoa. Mteja wa ng'ambo analipia kaboni. Mimi na wewe, tunaoteremsha nitrojeni, na walioko juu ya mto nchi mbili zote, hatulipi hata senti moja kwa kusafishiwa. Kazi ya kaboni ina daftari, ina wakaguzi, ina cheti. Kazi ya bakteria wa zamu mbili na kaa mchimbaji haina hata jina katika bajeti ya kaunti. Na kitu kisicho na jina katika bajeti ni rahisi kukifukia kifusi.

Lingine ni sherehe za kupanda miti. Kila mwaka utawaona wageni rasmi wamevaa fulana mpya, wanachomeka miche ya mkoko mistari mistari, picha zikapigwa, watu wakaenda kula pilau. Sina neno na kupanda. Ila mche wa jana hausafishi kama msitu mzee, kwa kuwa kaa hawapandwi kwa sherehe. Huja wenyewe, baada ya miaka, wakiridhika na kivuli na majani yaliyoanguka. Afadhali mara kumi kuulinda uliosimama.

Nyumbani mwetu yako ya kufanya yasiyohitaji mgeni rasmi. Mwenye nyumba anayengoja mvua kubwa ndipo afungulie shimo la choo litoke na maji ya mtaroni, nadhani anajijua. Gari la kufyonza lina gharama, lakini uliza pia linakwenda kumwaga wapi. Wengine humwaga kwenye hori usiku. Mwenye shamba, igawe mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu mahindi yanapoihitaji, wala usiitie wingu likiwa limetanda, maana mvua hiyo itakufanya umlishe mwani wa Jego kwa pesa zako.

Vijana wa nyumbani nimewawekea kazi ya likizo, iliyobuniwa na yule yule Winogradsky. Tafuta chupa kubwa ya plastiki inayoona ndani. Ijaze tope la bwawani au la mikokoni mpaka zaidi ya nusu, ulilichanganye na vipande vya gazeti lililochanwa, hata hili ukishalisoma, pamoja na kiini cha yai lililochemshwa. Ongeza maji ya mahali pale pale ulipochota tope, uache nafasi kidogo juu. Ifunike kwa ulegevu ili gesi ipate pa kutokea, uiweke penye mwanga lakini si juani kabisa, usiiguse. Baada ya wiki kadhaa utaiona ile safu ya kahawia juu na weusi ukipanda kutoka chini, na pengine mabaka ya kijani na ya zambarau katikati. Nawa mikono kila unapoishika, na kabla ya yote mwombe mama ruhusa ya mahali pa kuiweka, kwa sababu siku utakayoifungua nyumba nzima itajua.

Tukijaaliwa, tuonane Jumapili ijayo.